Daraja na Hazina: Kazi Mbili za Lugha katika Historia ya Kiswahili Sanifu

Mwanadamu hazaliwi na lugha. Huikuta duniani ikimngojea, kama akutavyo nyumba na jamaa. Kwa lugha hiyo huomba maji, hupatana bei, hushitaki na kushitakiwa, huposa na huzika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya lugha, kumfikisha mtu kwa mwenzake. Lakini ndani ya lugha hiyo hiyo mtu hukuta pia methali za wazee, majina ya samaki na ya majira ya mwaka, maneno ya heshima na ya utani, mizani ya mashairi, na njia ya kupambanua jema na baya. Hiyo ni kazi ya pili, kuyaweka maisha ya waliotangulia ili wajao wayarithi. Kwa kazi ya kwanza lugha ni daraja. Kwa kazi ya pili lugha ni hazina.

Aghalabu kazi hizi mbili huenda pamoja bila kugombana. Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo moja hudai haki yake kwa hasara ya nyingine. Daraja hutaka wepesi na usawa, ili kila mpitaji avuke bila kujikwaa. Hazina hutaka kila kitu kiachwe mahali pake, hata kile kisichoonekana kuwa na faida leo. Wakati mmoja wa namna hiyo ulitokea Mombasa mwezi wa Juni 1928, wajumbe wa serikali na wa misheni walipokutana kuamua ni Kiswahili cha mahali gani kitakachofundishwa katika shule za Afrika ya Mashariki. Uamuzi wao ungali katika kila kitabu cha Kiswahili kisomwacho leo, na kwa sababu hiyo unastahili kupimwa upya, bila hasira na bila upendeleo.

Kabla ya mwaka huo Kiswahili hakikuwa na mahali pamoja palipokitawala. Kilikuwa ni lahaja nyingi zilizopangana pwani kutoka Barawa hadi kusini ya Kilwa, kila mji na matamshi yake na fahari yake. Pate na Amu zilikuwa na Kipate na Kiamu. Mombasa ilikuwa na Kimvita. Pemba ilikuwa na Kipemba. Na katika kisiwa cha Unguja penyewe watu wa Makunduchi na wa Tumbatu walisema kwa namna zisizokuwa sawa na ya watu wa mjini. Hapakuwa na aliyeona kwamba tofauti hizo ni kosa. Mtu alijulikana mji wake kwa ulimi wake, kama alivyojulikana kwa kofia yake au kwa umbo la jahazi lake.

Katika miji ya kaskazini lahaja hizo zilikuwa zimekwisha zaa fasihi kubwa. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728. Mwanzo wa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akizingatia magofu ya majumba ya Pate na upesi wa dunia kumkimbia mwenye kuitegemea. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa maadili. Mombasa nayo ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye alilitoa shairi katika mambo ya dini peke yake akalitembeza sokoni, barazani na vitani. Hazina hiyo ilikuwa imewekwa kwa njia mbili: kwa vifua vya watu waliohifadhi, na kwa herufi za Kiarabu.

Herufi hizo ziliwatumikia Waswahili kwa karne kadha wa kadha, ijapokuwa hazikuumbwa kwa ajili ya lugha yao. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra moja ilisimama mahali pa *i* na pa *e*, na dhuma moja mahali pa *u* na pa *o*. Herufi ya *p* haimo katika Kiarabu, na mara nyingi mwandishi aliandika *b* badala yake. Basi maneno *toa* na *tua* yaliweza kuandikwa sawasawa, na *bata* na *pata* vile vile. Msomaji aliyekulia katika lugha hakupotea, maana maana ya ubeti ilimwongoza. Alisoma kwa jicho na kwa kumbukumbu pamoja. Mgeni, walakini, alisimama mlangoni bila ufunguo. Hapa panaonekana jambo litakalotokea tena baadaye: kifaa kilichowatosha wenyeji kuweka hazina yao hakikutosha kuwa daraja la wageni.

Daraja lilijengwa na biashara. Seyyid Said alipofanya Unguja kuwa makao yake, yapata mwaka 1840, mji huo ukawa soko kuu la pwani yote. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikafika Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika ikaingia Manyema katika Kongo. Wapagazi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na wengineo, na kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili cha mji wa Unguja. Njia hiyo haikuwa ya heri tupu, kwa maana iliyobeba pembe ilibeba pia watumwa, na lugha iliyotumika kumkaribisha mgeni ilitumika pia kumwamrisha mateka. Hata hivyo ni katika njia hiyo ambapo Kiswahili kilijifunza kusemwa na watu wasiozaliwa nacho.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Kiunguja cha mjini chenyewe kilikuwa kimekwisha changanyika. Mji wa Unguja ulikuwa na Waarabu, Wahindi, Wangazija, Wanyasa, Wamanyema na watu wa kila bandari. Lugha yao haikuwa ile ya wakulima wa Makunduchi. Ilikuwa lugha ya watu waliolazimika kuelewana upesi. Kwa hiyo Kiunguja kilikuwa daraja kabla mkutano wowote haujakiita hivyo.

Wamisionari walipokuja kuandika sarufi na kamusi, kila mmoja alishika Kiswahili cha mji aliofikia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyotolewa London mwaka 1882 baada ya kufa kwake, imejaa maneno ya Kimvita. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha kufundishia lugha, kilichotoka mwaka 1870, kilifuata Kiunguja. Tangu hapo kukawa na njia mbili za kuandika. Biblia nzima ilipigwa chapa kwa Kiunguja mwaka 1891. Wakristo wa Mombasa wakapata Agano Jipya kwa Kimvita mwaka 1909. Waumini wa dini moja na wa lugha moja walisoma vitabu viwili.

Serikali za kikoloni ziliongeza uzito upande wa kusini. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikitumia Kiswahili katika kazi za maakida na katika shule ya serikali iliyokuwa Tanga, na katika mji huo huo kulitoka gazeti la *Kiongozi* kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Lugha hiyo hiyo iliwasaidia pia waliompinga mtawala: vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kumalizika mwaka 1907, viliwakusanya watu wa makabila mengi ya kusini, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa vilivyowawezesha kupelekeana habari. Waingereza waliporithi nchi hiyo waliendelea na desturi waliyoikuta, na mwezi wa Januari 1923 gazeti la *Mambo Leo* likaanza kutolewa Dar es Salaam. Wasomaji wake wa bara walileta barua, hadithi na mashairi, na wengi wao hawakuwa na jamaa hata mmoja wa pwani.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mkutano wa elimu ulipofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 na kupendekeza kuwa maandishi ya Kiswahili yafanywe ya namna moja. Haja ilikuwa dhahiri. Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja zilihitaji vitabu vya shule, na kupiga chapa kitabu kimoja kwa nchi nne ni gharama ndogo kuliko kupiga chapa vinne. Swali lilikuwa moja tu: kwa lahaja gani? Ndipo ulipoitwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Carl Meinhof, mwanachuoni wa lugha za Kibantu kutoka Hamburg, akahudhuria.

Waliokipendelea Kimvita walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba hiyo ndiyo lahaja yenye mashairi, yenye maneno ya fikira nzito, na yenye watu waliojifunza kuipima lugha kwa mizani. Waliokipendelea Kiunguja walijibu kwa hesabu ya watu: ndicho kilichokwenda mbali, ndicho kilichokwisha andikwa zaidi, ndicho kilichoshikwa na Tanganyika nzima. Hoja ya kwanza ilikuwa ya hazina. Hoja ya pili ilikuwa ya daraja. Hoja ya daraja ikashinda. Tarehe 1 Januari 1930 Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935, na kamusi kubwa za Kiswahili na Kiingereza zikatoka mwaka 1939, Johnson akiwa amekwisha fariki.

Faida ya uamuzi huo haifai kudharauliwa. Mtoto wa Mbeya na mtoto wa Machakos waliweza kusoma kitabu kimoja. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Tanga kwenda Bukoba hakuhitaji kujifunza tahajia mpya. Wanasiasa wa Tanganyika, chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, walikuta lugha ambayo kwayo mtu aliweza kuhutubia nchi yenye makabila zaidi ya 120 pasipo kubadili mkalimani kila wilaya. Hata Wakristo waliokuwa na maandiko mbalimbali wakaunganishwa na tafsiri moja ya Biblia iliyotoka mwaka 1952.

Lakini hasara nayo ilikuwapo, na wanaoisimulia historia hii kwa furaha peke yake hawaitendei haki. Kwanza, wenye lugha hawakuulizwa. Halmashauri ilipoanza wajumbe wake walikuwa Wazungu, na Waafrika hawakuingia mpaka miaka mingi ilipopita. Watu waliojifunza Kiswahili ukubwani waliwasahihisha watu walionyonya nacho. Pili, herufi za Kiarabu ziliachwa nje ya mlango wa shule, na pamoja nazo msomi wa chuo, ambaye jana alikuwa mwalimu wa mji, akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Tatu, sauti zilizotofautisha maneno hazikupewa alama. Mtu wa Mombasa hulitamka neno *paa* la nyumba bila pumzi, na *paa* wa mwituni kwa pumzi. Sikioni mwake ni maneno mawili. Katika tahajia iliyokubaliwa yakawa moja.

Hasara ya nne ndiyo kubwa zaidi, nayo ni ya ushairi. Mahali ambapo Kiunguja husema *macho*, *njia*, *mchanga* na *njoo*, Kimvita na lahaja za kaskazini husema *mato*, *ndia*, *mtanga* na *ndoo*. Mtoto wa Mombasa aliyeandika *ndoo* akimwita mwenzake, kwa mujibu wa kitabu, alikuwa ametaja chombo cha kutekea maji. Alihesabiwa amekosea kwa kusema kama mama yake. Na si mtoto tu. *Mato* huweza kupatana vina na *moto*, na *joto*, na *kitoto*, *macho* hayawezi. Anayemsahihisha malenga wa kale kwa kuliweka neno sanifu mahali pa neno lake hubomoa kina, na kina kikibomoka ubeti wote huanguka. Hivyo tungo zilizokuwa kipeo cha lugha zikawa ngeni kwa wanafunzi wa lugha hiyo hiyo, na mambo ya kawaida ya lahaja yakaonekana kama makosa ya kalamu au uhuru wa mshairi.

Ikiwa historia ingeishia hapo, hukumu ingekuwa nyepesi: daraja lilijengwa kwa mawe yaliyobomolewa katika nyumba ya wenyewe. Haikuishia hapo, kwa sababu lugha haikai mikononi mwa halmashauri. Watumiaji wake walijibu, na walijibu kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa wale waliolivuka daraja na kuweka mali yao ng'ambo. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, baba yake akiwa na asili ya Kiyao. Aliichukua lugha iliyosanifishwa kwa ajili ya vitabu vya shule akaandika kwayo insha, riwaya, wasifu na mashairi, hata ikawa na uzito ambao mkutano wa 1928 haukuweza kuupa. Baadaye aliingia katika ile Halmashauri yenyewe akiwa mjumbe. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, lugha ya kwao ilikuwa Kigogo. Lakini alitunga kwa vina na mizani ya pwani, na mwaka 1954 akatoa kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Tendo hilo lastahili kuangaliwa. Mtu wa bara alilitumia daraja kupitisha hazina ya watu wake, ili Mzaramo na Mngazija wapate kuijua. Kabla ya hapo daraja lilikuwa la kupelekea amri, bidhaa na masomo ya dini. Sasa likapitisha urithi.

Upande wa pili ni wa wale waliokaa mlangoni mwa hazina ya kale wakailinda. Mombasa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka kabla wenye kuyahifadhi hawajafa. Kazi hiyo ilikaa katika makaratasi mpaka mwaka 1940, William Hichens alipoitoa Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji. Bila ya Mwalimu Sikujua, ambaye jina lake halitajwi sana, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa pamoja na wazee wake. Washairi wa Mombasa waliofuata hawakukubali kukiacha Kimvita. Ahmad Nassir alitoa *Malenga wa Mvita* mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa siasa, aliandika kwa siri gerezani katika karatasi za chooni, na tungo zake zikatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Katika dhiki hiyo hakuikimbilia lugha ya kitabu cha shule. Alisema kwa lahaja ya mji wake. Na msomaji wa Dodoma alimwelewa. Mwaka 1977 kikatolewa kitabu cha *Historia ya Kiswahili*, kilichoandikwa na Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa pamoja na Mnyampala wa Ugogo, nao wote wawili walikuwa wamekwisha fariki. Watu wa kingo mbili za daraja waliandika kitabu kimoja.

Serikali huru nazo ziliendelea kulipanua daraja. Tarehe 10 Desemba 1962 Julius Nyerere alilihutubia Bunge la Tanganyika kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare ikatolewa, kana kwamba kuwaonyesha wenye shaka kwamba lugha ya soko yaweza kubeba maneno ya wafalme. Mwaka 1964 kazi ya Halmashauri, baada ya kuhamahama Nairobi, Makerere na Mombasa, ilirudi Dar es Salaam ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mwaka 1967 Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, nayo ilitungwa na wenye lugha wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi.

Mambo hayo yote yanathibitisha kwamba waliochagua Kiunguja hawakukosea katika hesabu yao. Walikosea katika jambo jingine: walidhani kwamba kukichagua kimoja ni kukihukumu kingine. Lahaja isiyochaguliwa si lugha iliyoharibika. Ni dada wa ile iliyochaguliwa, na aghalabu ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la mama yao. Kiswahili sanifu hakina asili nyingine ila lahaja, na wazee walikwisha sema kuwa mwacha asili ni mtumwa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya kulivunja daraja ili kuirudishia hazina heshima yake. Anayetaka kila mji urudi kwenye tahajia yake atawafungia njia watu wa bara, ambao leo ndio wengi wa wasemaji, na ambao wamekilipa Kiswahili kwa vitabu bora. Kazi ni kuufungua mlango wa hazina kutoka upande wa daraja. Mwanzo umekwisha fanywa: katika karne hii ya 21 Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba, na miswada ya herufi za Kiarabu inaendelea kusomwa na kuandikwa upya katika vyuo vikuu. Lakini mswada huweza kungoja kabatini, na msemaji hangoji. Wazee wanaojua majina ya kale ya mikondo ya bahari, ya nyavu na ya ngoma wanapungua, na watoto wao husoma kwa Kiswahili sanifu na kuona haya kusema vinginevyo.

Hapo ndipo historia ya mwaka 1928 inapomgusa mwanafunzi wa leo. Akikuta neno *mato* katika ubeti, asilisahihishe; aulize lilitoka mji gani, na nani alilisema, na lilipatana vina na neno gani. Akiwa na bibi yake Pemba au Siu au Vanga, asimwonyeshe kamusi. Amsikilize, kisha aandike. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili walio wa kuulizwa ni wale ambao mkutano wa Mombasa uliwasahau.